Begi la Shangazi Kaja

Mama alianza kufungasha siku ya Alhamisi, na safari yetu ilikuwa Jumatatu. Nilirudi jioni kutoka kwenye cherehani yangu nikamkuta ameketi mkekani, mbele yake kapanga khanga doti mbili, chupa ya mafuta ya nazi, kipakiti cha ubani, na viatu vyake vya kufunga ambavyo havijatoka kwenye boksi tangu harusi ya mdogo wangu. Begi hakuna. "Begi utanunua wewe keshokutwa," akaniambia, "lile kubwa la miraba. Mimi nataka vitu vikae pamoja kwanza, vijuane."

Mdogo wangu anafundisha Songea. Mwezi wa nane mkewe alijifungua salama, mtoto wa kike, wa kwanza kwao, wakampa jina la Bibi yetu wa Mikindani, yaani mama yake Mama. Arobaini ikapita sisi tuko huku huku Mtwara, mimi namalizia sare za watu na kudunduliza nauli, Mama anaangalia picha za mtoto kwenye simu yangu mpaka chaji inaisha. Mwisho nikamwambia, tukisubiri mpaka kila kitu kikae sawa tutamkuta mtoto anakimbia. Tukakata tiketi za Jumatatu ya kwanza ya Oktoba.

Kwa hiyo nilikuwa na Jumamosi na Jumapili. Siku mbili za kununua vitu, kufunga mizigo na, kubwa kuliko yote, kuaga. Kuaga kwetu hakuishii kwenye simu. Unakwenda, unaingia, unakaa, unapewa maji, unasema: nimekuja kuaga. Miaka mitatu iliyopita niliitwa Dar es Salaam ghafla kwa kazi ya kushona nguo za harusi, nikaondoka siku ya pili yake bila kumwona Mjomba. Niliporudi nikaenda kumsalimia, akanipokea vizuri, akanikaribisha chakula, kisha akasema neno moja tu: "Nilisikia kwa watu." Hakuongeza. Kwetu Wamakonde mjomba ni nguzo. Ukoo tunauhesabu kwa upande wa mama, na jambo la mtoto wa dada yake halitakiwi limfikie kwa kupitia mlango wa jirani. Neno lile nimetembea nalo miaka mitatu. Safari hii niliapa kwamba kila anayestahili kuambiwa ataambiwa na mimi mwenyewe, macho kwa macho.

Wiki ya kwanza ya Oktoba ndiyo Mtwara ninayoipenda kuliko zote. Kusi limelegea, bahari imetulia. Mvua bado ziko mbali na joto halijawa lile la Novemba linalowatoa watu ndani kulala barazani. Maembe ya kwanza yameanza kushuka sokoni, bado machanga, yanaliwa kwa chumvi na pilipili. Na ukikaa dirishani kwenye daladala ya kuelekea Naliendele unapokewa na harufu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, tamu na nzito, iliyokaribia kuchacha. Harufu hiyo kwa mtu wa kusini ni habari njema. Korosho zimeanza kudondoka, minada inakuja, ada zitalipwa, mabati yatanunuliwa, na sisi mafundi cherehani tutashona mpaka usiku wa manane. Ndiyo maana nilichagua kusafiri mwanzoni mwa mwezi. Minada ikishachanganya, siwezi kuinua kichwa.

Jumamosi saa moja na nusu nilikuwa sokoni. Begi kwanza. Lile begi la plastiki lenye miraba, bluu na nyekundu juu ya nyeupe, nchi nzima tunaliita shangazi kaja, na aliyekulia nyumba ya Kitanzania hahitaji kuelezwa. Shangazi akishuka kwenye basi na begi hilo, watoto wanaacha mpira. Mimi nimelijua tangu upande wa watoto. Sasa nilikuwa nalinunua upande wa pili. Muuzaji akanitolea matatu. Nikayageuza ndani nje yote, kwa sababu begi hili halichaniki kwenye kitambaa, linakatikia pale mkanda unapokutana na mwili wa begi. Huko kiwandani wanapitisha mshono mmoja mrefu tu, na uzito ukizidi, uzi unafyatuka wote. Nikachagua lenye zipu nzito, na nilipofika nyumbani nikaliweka kwenye cherehani, nikapiga kila mkanda mraba wenye msalaba katikati kwa uzi wa nailoni. Hapo hata ukitia mchele debe zima, litakushusha salama Songea.

Kisha khanga ya wifi. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, na sijutii. Khanga ni kitambaa cha kusoma kabla ya kuvaa. Una pindo linalozunguka, una mji katikati, na una jina chini yake, ule msemo ambao ndio hasa unaomnunulia mtu. Kumpelekea mzazi khanga yenye jina la mafumbo ni kutafuta ugomvi wa miaka kumi. Nimewahi kuona mawifi wawili wasemeshane kwa khanga tu, huyu anavaa hii leo, yule anajibu kesho, wala mdomo haujafunguliwa. Mimi nilitaka neno lililonyooka. Mwenye duka alishusha doti kama kumi na tano, akawa ananisomea kwa sauti, na kina mama wengine wawili waliokuwa wanachagua vitambaa wakaingilia kati, mmoja akikataa hili, mwingine akisifu lile, mpaka duka zima likawa linanisaidia kumpendeza mtu ambaye hawatamwona maishani. Tukaishia kwenye "Nani kama mama", pindo jekundu, mji wa maua ya korosho. Nikaiangalia kwenye mwanga kuona ufumaji, nikakunja kona kwa kona kuona kama jina limekaa katikati au limekimbilia upande. Limekaa. Nikalipa.

Kwenye mitumba nilitafuta masweta. Mdogo wangu alishanieleza kwamba Oktoba Songea si ile baridi ya Juni na Julai, ni jua tu, na baridi kidogo alfajiri. Mama hakutaka kusikia. Kwa Mama, Songea ni juu milimani, juu ni baridi, na mtoto mchanga ni mtoto mchanga. Nikapata visweta viwili vya mtoto, cha njano na cha kijani, na kimoja kizito cha Mama mwenyewe chenye vifungo vya mbao. Muuzaji aliposikia Songea akaniongezea kofia ya mtoto bure. "Mpelekee, dada, mwambie imetoka Mtwara kuchele." Kuchele ndiyo salamu ya mji wetu, maana yake kumekucha, na sijui jinsi ya kuwaeleza wasio wa huku kwamba ukiisikia ukiwa mbali, machozi yanaweza kukutoka.

Vingine nilivipitia haraka: sabuni, nepi, chumvi ya Mama ambayo haamini kama inapatikana kwingine, ndoo mbili za plastiki zenye mifuniko ya kubana, na mafungu ya magazeti ya zamani. Magazeti na ndoo ni vya samaki, nitafika huko.

Mchana, Naliendele kwa Mjomba. Kutoka mjini si mbali, ila ukishafika unaona umefika shamba. Pale ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana zaidi kwa korosho, na Mjomba ujanani alifanya kibarua kwenye mashamba yao, akajifunza kubebesha miche. Leo wenzake wanamwita awasaidie kuchagua kikonyo, kile kitawi cha kubebeshea. Mikorosho yake ipatayo arobaini anaijua mmoja mmoja. Anakwambia huu mwaka jana ulishikwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, kwa sababu alichelewa kupuliza salfa, huu hauna shida ila unazaa mabibo makubwa na korosho ndogo, huu ameupanda mwaka aliozaliwa mdogo wangu.

Nilipiga goti nikamwamkia, Mama akakaa kwenye kigoda karibu na kaka yake, nikasema: "Mjomba, tumekuja kuaga. Jumatatu tunakwenda Songea kumwona mtoto." Alikuwa anajua, bila shaka. Mji huu hauna siri. Lakini alikaa kimya kidogo kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili, kisha akasema, "Vizuri sana, mwanangu. Nimesikia kwako." Nilitazama chini. Wala hatukulizungumza tena lile la Dar es Salaam, likawa limekwisha.

Halafu akainuka akaleta korosho. Zilikuwa mpya, zilizookotwa wiki ile na kuanikwa siku tatu. Nyingine zote zinasubiri kupelekwa ghalani. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza huku kwetu mwaka 2007, mkulima anapeleka korosho kwenye chama cha msingi, zinapimwa, anapewa stakabadhi, anangoja mnada. Mjomba hataki kabisa kusikia kangomba, wale wanaopita vijijini kabla ya msimu na vipimo vyao kununua kwa bei ya shida. Lakini gunia la nyumbani ni la nyumbani. "Za somo wa mama yangu hizi," akasema. "Zibanguliwe hapa hapa, zisiende na maganda."

Basi mchana ule tukabangua. Wake za binamu zangu walikuwepo, na watoto, na mimi nikajifunga khanga kiunoni. Kama hujawahi kuona korosho ikibanguliwa kienyeji, fikiria bati lililotobolewa matundu mengi, limewekwa juu ya mafiga matatu, korosho zimemwagwa juu yake. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Moto ukiyafikia yanachuruzika kupitia matundu, yanawaka, na moshi mweupe unapanda wenye kuwasha macho na koo, kwa hiyo unasimama upande unakotoka upepo na mti mrefu mkononi, unakoroga, unakoroga. Hapo ni suala la jicho. Ukitoa mapema, ganda halivunjiki, na mafuta yatakula vidole. Ukichelewa, kiini kimeungua. Mke wa binamu yangu mkubwa ndiye mwenye jicho hilo. Alipiga kelele "Sasa!" bati likapinduliwa, korosho zikamwagika mchangani zikiwa zinawaka kama makaa, watoto wakazirushia mchanga na majivu mpaka zikazimika.

Kisha tukakaa kwenye mkeka, kila mtu na jiwe lake na kigongo chake, mikono imepakwa majivu. Unaisimamisha korosho kwa ukingo wake, unagonga pale kwenye mgongo, mara moja, isiyo ya hasira. Ikitoka nzima unaitupa kwenye sinia, ikivunjika unakula. Hiyo ndiyo sheria, na watoto wanavunja nyingi. Tulikaa pale mpaka jua likaegemea. Zikazungumzwa habari za ndoa, za maiti, za mtoto wa fulani aliyerudi kutoka Msumbiji, za malori ya makaa ya mawe yanayotoka upande wa Songea kuja bandarini, ambayo Mama aliyauliza mara tatu kama yanakwenda kasi. Mwishoni tulikuwa na kilo kama nne za korosho nyeupe, nzima, ambazo bado zilitaka kukaushwa na kumenywa ngozi ya ndani. Kazi hiyo nikaichukua nyumbani. Usiku ule vidole vyangu vilinuka moshi na nilizimenya moja moja mbele ya taa huku Mama akisinzia. Nimewahi kuambiwa na mgeni mmoja kwamba korosho ni ghali bila sababu. Angekuja kumenya bakuli moja.

Jumapili asubuhi tulivuka kwenda Msanga Mkuu kwa shangazi yangu, dada yake marehemu Baba. Pantoni ni dakika chache tu, lakini Mama humshika mkono aliye karibu mpaka tugonge upande wa pili. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kutoka sana, kufika saa nne maji yalikuwa yametoka mbali kabisa, miamba yote nje, na wanawake wameinama huko kwenye miamba na vyuma vyao vya kuchokolea pweza. Shangazi alikuwa mmoja wao. Tulimngoja barazani. Akarudi na pweza wawili begani, miguu imejaa mchanga, umri wake nami siusemi, ila ana wajukuu walioolewa.

Yeye ndiye shangazi wa begi la utoto wangu. Alikuwa akija mjini kwetu na begi lile lile la miraba, na ndani kuna kashata, kuna samaki wa kukaanga, kuna gauni la Idi, na chini kabisa kuna kitu kimoja ambacho hujakitarajia. Mwaka mmoja ilikuwa mkasi mdogo wa kweli wenye makali, nilikuwa na miaka tisa, na kwa mkasi ule nikakata khanga ya kwanza maishani mwangu. Sijawahi kumuuliza alijuaje. Safari hii nilitaka kumuuliza, nikashindwa, nikamwambia tu, "Shangazi, sasa na mimi nakwenda kuwa shangazi."

Akaniangalia, akaendelea kuosha miguu. Kisha akanipa maelekezo, na nayaandika hapa kama alivyoyasema kwa sababu sijasikia bora kuliko hayo. "Ukifika usianze kumkosoa mama wa mtoto. Hata ukimkuta anamfunga nepi vibaya, nyamaza. Siku ya kwanza osha vyombo. Siku ya pili fua. Siku ya tatu atakupa mtoto mwenyewe umwogeshe, na hapo ndipo utamwonyesha, kwa mikono, usiseme kwa mdomo." Akaingia ndani, akatoka na ng'onda waliokauka vizuri, chumvi imewaganda mbavuni, na pweza mkavu watatu. Mdogo wangu huko anakula samaki wa Ziwa Nyasa na anawasifu, lakini kila akipiga simu huuliza kuhusu pweza. Shangazi alijua. Hela ya samaki alikataa, hela ya sukari akaipokea.

Tulirudi, tukala haraka, tukapanda daladala ya Mikindani. Bibi tulimwacha wa mwisho kwa makusudi. Ukimwaga Bibi huendi kwa mwingine tena. Dua yake ndiyo inayofunga.

Wageni huja Mikindani kuona nyumba za mawe na Boma la Wajerumani la mwaka 1895, na huonyeshwa kwamba Livingstone alianzia safari yake ya mwisho hapa mwaka 1866, akaufuata mto Ruvuma kwenda Ziwa Nyasa. Alishuka hapa Machi, akaanza safari ya bara Aprili, akafika ziwani Agosti, pamoja na kina Chuma na Susi na wengine waliobeba mizigo. Tangu nikiwa mdogo habari hii ilinipita tu. Jumapili ile, nikiwa na tiketi ya basi kwenye pochi, niliifikiria kwa mara ya kwanza. Upande ni ule ule tunaoelekea sisi. Wao ni miezi minne kwa miguu, sisi ni zaidi ya kilomita 600 za lami, tunatoka alfajiri tukiomba kufika usiku huo huo. Na katikati yao na sisi yuko Baba, aliyekuwa utingo wa lori miaka ya themanini, wakati njia ya Tunduru mvua zikinyesha ilikuwa tope tupu na wengi waliokwenda Songea kutoka huku waliona afadhali wazunguke Dar es Salaam, Iringa na Makambako. Baba alikwama huko mara moja siku tisa, wakala mihogo ya wanakijiji, wakalala juu ya shehena kwa kuogopa simba. Mama alikuwa na mimba yangu, hana simu, hana habari. Ndiyo maana Mama akisikia neno Tunduru anashika kifua, na sijawahi kumcheka kwa hilo.

Bibi alikuwa barazani, kama kawaida, miguu imenyooshwa, anasuka ukili. Haoni vizuri sasa, lakini vidole vinaona. Mama akavua viatu, akapiga goti, akamwamkia mama yake, na hapo hapo mwanamke wa miaka sitini niliyemjua akawa mtoto. Sauti yake ikabadilika. Akaeleza safari yote, basi gani, saa ngapi, atakaa dirishani au njiani, nani atawapokea, kama binti anayeomba ruhusa ya kwenda ngomani. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. "Na maji ya kunywa mmeweka?" Tumeweka. "Basi."

Akaniagiza ndani, kwenye sanduku, chini ya nguo za kufunikia. Nikaleta khanga moja, si doti, kipande kimoja, laini kama jani la mgomba lililokaukiwa, rangi imepauka mpaka huwezi kusema ilikuwa ya zambarau au ya hudhurungi. Jina limefutika. Nikapitisha kidole nikapata herufi mbili tatu, basi. Hiyo ndiyo mbeleko aliyonibebea mimi, kisha mdogo wangu, Mama akiwa shambani au sokoni. Ilikuwa mgongoni mwa Bibi tulipojifunza kulala bila kulia.

"Mpelekee somo yangu," Bibi akasema. "Khanga mpya mnunulieni, lakini ya kubebea ni hii. Mpya inateleza, na inamkwaruza mtoto."

Mimi macho yangu ya fundi yalishaona ukingo mmoja umechanika kiganja kizima. Nikamwambia nitaupinda usiku ule, itakuwa kama mpya. Bibi akakataa kwa kichwa. "Usiipitishe cherehani. Uzi mpya utaikata." Na ni kweli. Uzi wenye nguvu kwenye kitambaa kilichochoka hauungi, unasaga. Mimi niliyeishi kwa sindano miaka kumi na minne ilibidi nikumbushwe na mwanamke asiyewahi kushika cherehani. Nikamuuliza nifanyeje basi. "Chomoa uzi humo humo kwenye pindo lake, ushone kwa mkono." Nikachomoa nyuzi mbili ndefu pale pale, nikatunga sindano aliyonayo kwenye kilemba, nikakaa miguuni pake nikashona polepole, hatua fupi fupi, yeye akifuata mshono wangu kwa kidole gumba. Hatukuzungumza. Mama alikuwa jikoni anachochea moto. Ilipofika mwisho nikapiga fundo, Bibi akaukata uzi kwa meno machache aliyobaki nayo.

Nilitaka tuondoke na ming'oko pia, kwa sababu ming'oko ni ladha ya nyumbani na huko bara sijawahi kuisikia. Mizizi ile myembamba inachimbwa porini, inachemshwa na chumvi, unakula ukitembea. Alikuwa nayo kwenye ungo, mibichi, mchimbaji kaleta mchana ule. "Haijapikwa," akasema. "Nitaichemsha alfajiri. Basi lenu si linapita hapa?" Nikamwambia Bibi, basi halisimami Mikindani, lina haraka, usijisumbue. Akasema haya. Akatusomea dua ndefu, mkono mmoja kichwani mwa Mama na mwingine kichwani mwangu, ubani ukifuka, akataja majina ya waliotangulia mmoja mmoja, akalitaja la Baba, na mwisho akalitaja lake mwenyewe, lakini kwa ajili ya yule aliye Songea.

Usiku wa kufunga mizigo ni kazi ya watu wawili na uamuzi wa mmoja, na mwamuzi ni Mama. Ng'onda na pweza wakafungwa kwenye magazeti mara tatu, wakaingia ndooni, mfuniko ukabanwa na kuzungushiwa gundi ya karatasi, kwa sababu harufu ikitoka kwenye buti la basi utatafutwa mwenyewe. Korosho kwenye kopo la maziwa. Nazi kumi kwenye kiroba. Halafu begi. Akaweka sweta lake chini, akaweka khanga ya wifi, akaweka visweta vya mtoto na ile kofia ya Mtwara kuchele, mafuta ya nazi pembeni yamesimama wima. Mbeleko akaiweka juu kabisa, akaitoa, akaiweka katikati, akaitoa tena. Mwishowe akaikunja akaitia kwenye mkoba wake wa mkononi pamoja na tiketi na kitambulisho. Chini kabisa ya begi, Mama akiwa ameenda kuswali, nikaingiza mkasi mdogo. Bado ni mapema, najua. Utangoja.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri basi likaondoka. Bado kulikuwa na giza jepesi, taa za mjini zinawaka, upepo wa baharini unaingia madirishani. Mama alikaa upande wa dirisha na mkoba mapajani, akisoma dua kimoyomoyo. Tulipoanza kushuka Mikindani, maji ya ghuba yameanza kung'aa, nikamwona mtoto wa jirani yake Bibi amesimama kando ya barabara na kitambaa cheupe kimeinuliwa juu, na nyuma yake, kwenye kiti kilichotolewa nje, Bibi mwenyewe. Nikamwita konda. Sijui nilisema nini, ila alinitazama, akamtazama Mama ambaye alikuwa ameshasimama, akagonga bati mara mbili. Dereva akapunguza mwendo. Yule mtoto akakimbia sambamba na sisi, akainua kifurushi, Mama akatoa mikono yote miwili dirishani akakipokea.

Ming'oko ilikuwa bado ya moto.